Wafu wa Ukoo na Siku ya Kiyama: Imani za Ahera kwa Waislamu wa Mkoa wa Singida

Kila dini inayofundisha kwamba mauti si mwisho wa mtu hujikuta ikitakiwa kujibu maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni swali la hatima: mtu akifa atahukumiwa na nani, kwa kipimo gani, na makazi yake ya milele yatakuwa wapi. La pili ni swali la uhusiano: aliyekufa anabaki kuwa nani kwa wale aliowaacha, anawasikia au hawasikii, anawahitaji au hawahitaji, ana uwezo wa kuwafaa au kuwadhuru. Elimu ya akida, yaani fani ya Uislamu inayopanga na kutetea mambo ambayo Mwislamu hana budi kuyaamini, imelijibu swali la kwanza kwa kina na bila kusitasita, ilhali la pili imeligusa kwa tahadhari na mara nyingi kwa kauli zinazopingana. Waumini wa kawaida hulipokea jibu la swali la kwanza kama walivyofundishwa, kisha huishi wakihangaishwa na la pili. Tofauti kati ya imani zao na mafundisho rasmi hutoka hasa katika pengo hili, wala haitokani na ujinga wa dini peke yake kama inavyodaiwa mara nyingi mimbarini, na katika Mkoa wa Singida pengo hilo lina sura yake mahususi.

Mafundisho rasmi yenyewe yanajulikana na hayahitaji maelezo marefu. Roho ikishatolewa, mtu huingia barzakhi, neno lenye maana ya kizuizi linalotajwa katika aya ya 100 ya Suratul Muuminun, nayo ni hali iliyo kati ya dunia na ufufuo. Kaburini hujiwa na malaika wawili, Munkar na Nakiri, wanaomuuliza kuhusu Mola wake, dini yake na Mtume wake, na kwa kadiri ya majibu yake kaburi humpanukia au humbana. Siku ya Kiyama watu hufufuliwa, amali zao hupimwa kwenye mizani, huvuka siraati, yaani daraja lililopita juu ya Jahanamu, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu Mtume huwaombea umati wake, uombezi unaoitwa shafaa. Mtoto wa madrasa wa Manyoni au Ikungi huyajua haya kabla hajabalehe, na hakuna dalili kwamba wazazi wake wanayatilia shaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mpangilio huu wote mtu husimama peke yake, kiasi kwamba Suratu Abasa inaieleza siku hiyo kuwa siku ambayo mtu atamkimbia ndugu yake, mama yake, baba yake, mkewe na wanawe. Ukoo, ambao ndio uliomlea, ukamwoza na kumzika, hauna nafasi mbele ya mizani.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lina uzito wa pekee Singida, ni lazima kukumbuka jinsi Uislamu ulivyofika huko. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, ilikata Ugogo na kisha kuingia Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na maji ya kutegemewa ambayo wapagazi waliiogopa na ambayo Burton na Speke waliipita mwaka 1857. Sehemu kubwa ya nyika hiyo sasa imo upande wa Manyoni na Itigi. Misafara ilipita, lakini kwa muda mrefu watu wa nyanda za juu, yaani Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, walibaki na ibada zao. Uislamu ulikita mizizi zaidi wakati wa Wajerumani na baada yao, kupitia kituo cha Kilimatinde, reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912, askari, makarani, wachuuzi, na walimu wa dini waliotembea kutoka Tabora na pwani, wengi wao wakiwa katika mkondo wa tarika kama Kadiriya, yaani njia ya kisufi inayojinasibisha na Sheikh Abdulkadir Jilani. Katika familia nyingi za mkoa huu, basi, Uislamu una vizazi vitatu au vinne tu. Mwislamu wa Lamu au wa Unguja anaweza kuhesabu mababu wengi waliozikwa kwa sanda na kuelekezwa kibla, lakini Mwislamu wa kijiji cha Unyaturu akihesabu hadi babu wa baba yake, mara nyingi huwa amekwisha kuvuka mpaka wa dini.

Lugha nayo imehifadhi hali hii ya kukutana kwa dunia mbili. Kiswahili kimechukua ahera, kiyama, barzakhi na jahanamu kutoka Kiarabu, lakini hakikuyatupa maneno yake ya asili. Kuzimu, mahali pa wafu, limetokana na mzizi ule ule wa mzimu, na wala kuzimu si mahali pa adhabu wala pa thawabu, ni pale tu waliko waliotangulia. Pepo ni jina la bustani ya wema waliofuzu, na papo hapo ni jina la kiumbe kisichoonekana kinachompanda mtu kichwani. Hata neno marehemu, ambalo kila mtangazaji wa redio hulitumia, ni kauli ya kiakida iliyojificha, kwa maana asili yake ni yule aliyekwisha kurehemewa, na kwa sababu hiyo wako wanazuoni, akiwamo Ibn Baz wa Saudi Arabia, walioona kwamba ni afadhali kumwombea mtu rehema kuliko kumtolea hukumu kwamba ameipata. Mzungumzaji wa kawaida hajui kwamba amehukumu chochote, kwani kwake marehemu ni jina la heshima la mtu ambaye angali mmoja wa nyumba.

Tofauti inayosemwa huonekana vizuri zaidi pale kaburini, ambapo akida na mazoea hushika jembe moja. Kibla cha Singida kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, na kwa kuwa maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kichwa chake huwa upande wa mashariki na miguu magharibi. Wakristo wanaofuata desturi ya kale ya kanisa humlaza mtu kichwa magharibi ili siku ya ufufuo ainuke akitazama mawio ya jua. Kwa hiyo katika ukoo uliochanganya dini, na Singida koo za namna hiyo ni nyingi kwa sababu Walutheri na Wakatoliki nao walifanya kazi kubwa huko tangu enzi za ukoloni, ndugu wawili wanaweza kulazwa katika mstari mmoja wa mashariki na magharibi huku kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwingine. Maiti wa Kiislamu huingizwa katika mwanandani, yaani tundu linalochimbwa ubavuni au katikati ya sakafu ya kaburi, hufunikwa kwa mbao au vijiti ili udongo usimwangukie, na kila aliyepo hutia mchanga konzi tatu.

Hapo ndipo inapofuata talkini. Udongo ukishatuama na maji yakishamwagwa, mtu mmoja mwenye elimu huchutama upande wa kichwa, watu wengine wakinyamaza, akamwita marehemu kwa jina lake na jina la mama yake, kisha akamkumbusha majibu atakayowapa Munkar na Nakiri. Humsemesha kama asemeshwavyo mwanafunzi aliye mlangoni mwa chumba cha mtihani. Iwapo jina la mama halijulikani, huitwa mwana wa Hawa. Hadithi inayotegemewa kwa jambo hili imesimuliwa na Tabarani, na wataalamu wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu. Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1277, aliukiri udhaifu huo na bado akaipendekeza talkini, kwa kuwa watu wema waliotangulia waliizoea. Wanaoipinga leo hawana la kumlaumu mkulima anayeamini kwamba baba yake anasikia chini ya udongo, kwani imani hiyo ameifundishwa na sheikh aliyechutama mbele yake.

Je, wafu husikia? Swali hili liliwagawa watu tangu kizazi cha kwanza cha Waislamu. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri Mtume aliwasemesha maadui waliotupwa kisimani, na alipoulizwa vipi anazungumza na maiti, akajibu kwamba wanasikia. Bibi Aisha alipopata habari hiyo alikataa kuichukua kwa dhahiri yake, akitoa hoja ya aya ya Suratun Naml inayosema kwamba Mtume hawezi kuwasikilizisha wafu. Aidha alipinga mapokeo yanayosema maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake, kwa sababu Kurani imeamua kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Karne saba baadaye Ibnul Qayyim wa Damasko, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya na mtu anayeheshimiwa mno na Masalafi, yaani wale wanaotaka dini irudishwe kama ilivyokuwa kwa vizazi vya mwanzo, aliandika kitabu kizima juu ya roho akitetea kwamba wafu huwatambua wanaowazuru na kwamba roho za walio hai na za wafu hukutana ndotoni. Kwa hiyo kile kinachoitwa mafundisho rasmi ni ukumbi wa mjadala ambao haujafungwa, na muumini wa kawaida hufuata upande mmoja wa mjadala huo bila kupewa habari kwamba upo upande wa pili.

Hitima ni mfano wa wazi zaidi. Neno lenyewe lina maana ya kukamilisha, nalo ni kisomo cha Kurani nzima kwa ajili ya marehemu. Juzuu thelathini huletwa katika mkoba, hugawiwa waliokaa jamvini, kila mmoja akasoma yake kwa sauti ya chini mpaka uwanja mzima ukavuma kama mzinga, na kwa muda usiofika saa moja Kurani huwa imekwisha. Husomwa siku ya tatu, ya saba na ya arobaini, hufuatiwa na tahlili, yaani kukariri kwamba hapana mungu ila Allah, na dua, na hatimaye chakula. Waumini huamini kwamba thawabu ya kisomo humfikia marehemu kama kitu kinachopelekwa, tena humfikia akiwa anakingoja. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wafuasi wa Imamu Shafi, na ni ajabu ya historia kwamba Nawawi mwenyewe anaeleza kuwa kauli mashuhuri ya madhehebu hiyo ni kwamba thawabu ya kusoma Kurani haimfikii maiti, kwa kuwa Suratun Najm inasema mtu hana ila alilolifanyia juhudi. Wanazuoni wa baadaye walipata njia ya kuyaafikisha hayo na mazoea kwa kusema kwamba kinachofika ni dua inayoombwa baada ya kisomo, si kisomo. Ni tofauti nyembamba ambayo mtu mwenye majonzi hawezi kuiona, wala hatakiwi kulaumiwa kwa kutoiona.

Upinzani dhidi ya hitima una historia yake katika Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1968 na ambaye tafsiri yake ya Kurani ilikamilika mwaka 1969, aliandika vitabu vya kuzishambulia bidaa, yaani mambo yaliyozuliwa katika dini bila asili. Vijana waliosoma Madina na wale wa mwelekeo wa Ansari Sunna waliipeleka hoja hiyo bara, na Singida imeisikia katika mihadhara na kanda kama mikoa mingine. Kwa upande mmoja hoja yao ni nzito, nao ni upande wa gharama. Jafari bin Abi Talib alipouawa Muta, Mtume aliwaamuru watu waipikie familia yake kwa kuwa msiba umewashughulisha. Mazoea ya arobaini yameligeuza agizo hilo juu chini, kwani mjane aliyebaki na magunia machache ya mtama au mapato ya alizeti ya msimu mmoja hulazimika kulisha kijiji, na mbuzi wa mwisho huchinjwa kwa kuogopa kusemwa kuwa marehemu hakuthaminiwa. Hapa wanamageuzi wanamtetea mnyonge, na wanastahili kuungwa mkono. Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba wakiliondoa pilau watakuwa wameliondoa na swali lililowakutanisha watu.

Swali hilo hurudi usiku. Marehemu humtokea mtoto wake ndotoni akiwa na kiu, au amevaa nguo chakavu, au amesimama nje ya nyumba bila kukaribishwa, na asubuhi yake sadaka hutolewa, pengine maandazi kwa watoto wa madrasa, pengine kisomo cha Yasini. Akida haina ugomvi na ndoto, kwani Ibn Abi Dunya wa Baghdad, aliyefariki mwaka 894, alikusanya kitabu kizima cha ndoto ambamo wafu huwaeleza walio hai hali zao. Mgongano huanza pale ndoto inapofasiriwa kuwa dai. Katika fasiri ya wanazuoni, maiti anayeonekana ndotoni hutoa habari na kuomba dua, naye hana nguvu yoyote juu ya aliyelala. Katika fasiri ya watu wengi, kutomjali kunaweza kuleta homa kwa mtoto, ndama kufa, au mimba kuharibika. Hapo mtu aliyeko barzakhi huwa amerudia cheo cha mzimu, na wanazuoni wa pande zote, wa tarika na wa Ansari, husema kwa sauti moja kwamba kumwogopa kiumbe kwa namna hiyo kunagusa shirki, yaani kumshirikisha Mungu na mwingine katika mamlaka yake.

Mvua inaliongezea jambo hili uzito. Singida ni mkoa mkavu unaopata kati ya milimita 500 na 800 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, mvua ilikuwa kiini cha utawala na cha ibada. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1990, ameeleza tambiko za kijiji chao cha Kirumi ambamo mizimu, iitwayo alungu, huombwa iwafikishie watu haja yao kwa Mungu Muumba. Uislamu una sala yake ya kuomba mvua, istiska, inayosaliwa uwanjani bila kumtaja babu yeyote. Mtu anaweza kwenda istiska asubuhi na bado akaamini kwamba mbingu zimefungwa kwa sababu ya wafu waliosahauliwa. Utafiti wa taasisi ya Pew uliochapishwa mwaka 2010 na kugusa nchi 19 za Afrika uliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi nne ambamo zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliamini kwamba kafara kwa mizimu au mababu inaweza kumkinga mtu na madhara. Waliohojiwa walikuwa Waislamu na Wakristo, jambo linaloonyesha kwamba tatizo hili halikuzaliwa msikitini.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alidai mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika aliyekufa hubaki mtu kamili maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, kwa muda wa vizazi vinne au vitano, kisha huzama katika kundi la mizimu isiyo na majina. Dai hilo limepingwa kwa kuwa linalijumuisha bara zima, lakini kwa suala hili lina manufaa, kwa sababu linaonyesha kwamba hesabu ya miaka ndiyo inayotofautiana. Kiyama kiko mbele, mbali, na hakuna ajuaye saa yake. Arobaini iko karibu, ina tarehe, na inategemea waliopo. Muumini huamini vyote viwili, lakini anachoweza kukifanyia kazi ni arobaini.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo tofauti hii inauma kama katika habari ya mababu waliokufa kabla ya Uislamu kufika. Aya ya 113 ya Suratut Tawba inawakataza waumini kuwaombea msamaha washirikina hata wakiwa jamaa wa karibu, baada ya kubainika kuwa ni watu wa motoni. Mhubiri akiisoma aya hii kijijini bila maelezo, msikilizaji wa Singida humfikiria mtu aliyemjua, bibi aliyemchunga, aliyemfundisha kukama ng'ombe, na aliyekufa akiamini alivyoamini mama yake. Mwitikio wa watu kwa kawaida si kubisha. Hunyamaza, kisha siku ya hitima huendelea kuwaombea waliotangulia katika ukoo wote bila kubagua.

La kusikitisha ni kwamba akida ina jibu la huruma ambalo halifikishwi kwao. Aya ya 15 ya Suratul Israa inasema kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka amtume mjumbe, na kwa msingi huo wanazuoni wa mwelekeo wa Ashari, ndio uliofuatwa na wengi wa Mashafi, walifundisha kwamba ahlul-fatra, yaani watu wa kipindi au mahali pasipofikiwa na ujumbe, wana udhuru. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi, akahesabu miongoni mwa wenye udhuru hata wale walioupata ujumbe ukiwa umepotoshwa, na Suyuti akaandika risala kadhaa kuwatetea wazazi wa Mtume mwenyewe kwa hoja ya namna hiyo. Mkulima wa Unyaturu wa mwaka 1880, ambaye wapagazi waliopita mbali kusini mwake hawakumfikishia neno, anaingia katika udhuru huo kwa uwazi kuliko watu wengi waliotajwa vitabuni. Elimu hii imo katika maktaba za masheikh. Kwamba mahubiri ya vijijini huchagua aya ya kutenganisha na kuiacha aya ya kutoa udhuru ni uamuzi wa wahubiri, na ni uamuzi mbaya.

Ndiyo maana talkini, licha ya udhaifu wa hadithi yake, inabeba kitu ambacho wanaoipinga hawajakipima. Mzee anayezikwa leo Singida akiwa na miaka tisini aghalabu alizaliwa na mama asiyekuwa Mwislamu, mwenye jina la Kinyaturu au Kinyiramba lisilomo katika orodha ya majina ya madrasa. Kanuni ya talkini inataka jina la mama litajwe maadamu linajulikana, na kaburini huwa wapo wanaolijua. Mwalimu huchutama, hugeuza shingo kuwauliza wafiwa, naye huambiwa. Kisha, kwa Kiarabu chote cha kumwandaa mtu kuwajibu Munkar na Nakiri, jina hilo la kienyeji hutamkwa mara tatu juu ya udongo mbichi, mwana akiitwa kwenda kwa Mola wake kwa jina la mama yule.